Mwaka wa Kumuuguza Mke Mwenzangu

Juzi nilikwenda Darajani kutafuta hiliki, maana hizi zinazouzwa katika vipakiti ukizipasua ndani hukuti kitu, na mimi hiliki nataka niione mwenyewe na niinuse. Nimeinama juu ya kapu la muuzaji, nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo Bi Mize!" Nikaitika marahaba kabla sijageuka, kwa sababu kwa umri huu ukingoja kumjua kila anayekuamkia utashinda sokoni kutwa. Nilipogeuka nikamwona mwanamme wa makamo, kajaa kidogo tumboni, kofia kaisukuma nyuma, ananicheka.

"Hunijui, Bi? Mie Shabani. Yule mpishi wa Paje. Nlokuwa nkila barazani kwako mwaka wa korona."

Lo! Nikamshika mikono yote miwili. "Umenenepa, Shabani."

"Na weye Bi umezeeka."

"Nlikuwa mzee tangu hapo. Njaa ndo ilokufanya usinione vizuri."

Tukacheka mpaka muuza hiliki naye akacheka bila kujua anacheka nini. Kisha Shabani akatulia, akaniuliza yule bibi wa dirishani kazikwa wapi, kwani habari ya msiba ilimkuta yuko kwao Tabora na hajapata hata kumsomea Fatiha. Nikampeleka Chukwani siku ile ile, na hiliki nikazisahau. Tukasoma, tukang'oa majani yaliyoota juu ya kaburi, kila mtu akarudi kwake. Lakini mwaka ule haukurudi ulikotoka. Umekaa na mimi tangu siku hiyo, nikipika nnao, nikilala nnao, basi nimeona bora niuandike. Skuli mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo asiyetaka maneno kwenda mbele yakarudi nyuma na asinisome, hapana ugomvi.

Yule bibi wa dirishani aliitwa Zuwena, na alikuwa mke mwenzangu. Tuliolewa na mume mmoja, fundi wa magodoro ya sufi, mimi wa mwanzo na yeye wa pili. Mimi nikikaa mjini, Kiponda, katika nyumba ya wakfu yenye ngazi zinazotaka kukuua, na yeye akikaa Chukwani katika nyumba mpya aliyojengewa, yenye bati jekundu na upepo wa pwani, na habari ya nyumba hiyo sitaki kuisema zaidi maana hata leo nikiikumbuka roho inanipanda. Mambo ya ukewenza kila mwanamke wa hapa anayajua, hayana haja ya kufundishwa. Tukikutana harusini alikuwa akikaa pembe ile na mimi pembe hii, tumevaa kanga, na kila mmoja kachagua maneno yake kwa makusudi. Watu wakisoma migongoni mwetu kama wanasoma gazeti. Mume alipokufa, kila mtu akakaa eda kwake, na baada ya eda tukaachana kama watu walioshuka boti moja.

Lakini lipo jambo la marehemu huyo ambalo lazima nilitaje, kwa sababu yote yaliyofuata yametokana nalo. Alikufa kwa maumivu. Maradhi yalimwingia mifupani, na siku zake za mwisho alikuwa akipiga kelele ambayo sikupata kuisikia kwa binaadamu, wala kwa mnyama. Wakati ule hatukujua kama ipo dawa ya kumfanya mtu atulie. Tulikuwa tukimkanda mafuta na kumwombea, naye analia, na mimi nikitoka nikenda kusimama uani nikaziba masikio. Nilipomzika nilisema moyoni kwamba kelele ile nyumbani mwangu haiingii tena.

Basi mwanzoni mwa mwaka ule, kabla ya korona kufika kwetu, nikapigiwa simu kutoka Maskati. Mtoto wa kaka yake Zuwena. Kijana mwenye adabu, akanizunguka kwa salamu mpaka nikamwambia, "Baba, sema unalotaka kusema, simu inakula." Akasema shangazi yake ana saratani ya ziwa, imeshuka mgongoni, hospitali wamesema hawana tena la kumfanya isipokuwa kumtuliza, na kule Chukwani yuko peke yake. Yeye anakuja, kesha kata tiketi, lakini si mpaka baada ya miezi miwili. Je, nnaweza kumtazamia? Nikamwuliza, "Kwa nini mimi?" Akasema, "Mwenyewe ndo alokutaja, Bi. Nlimwuliza nimpigie nani, akasema mpigie Mize, huyo hata akinichukia atanikogesha."

Nikenda Chukwani. Nilimkuta kalala kaelekea ukutani, kikombe cha chai kimepoa pembeni kimefanya utando.

"Nani huyo?"

"Mimi Mize."

"Umekuja kuhakikisha?"

"Nimekuja kukuchukua."

"Unipeleke wapi? Ngazi za nyumba yako ndege ndo anaziweza."

"Utakaa chini, chumba cha magodoro."

Akageuza uso, uso wenyewe ulikuwa umebaki macho. "Chumba nlokuwa nkikatazwa kuingia," akasema. "Leo nnakaribishwa. Haya, nisaidie kuvaa."

Chumba cha magodoro ni kile cha chini cha mbele, ambapo marehemu alikuwa akifanyia kazi. Kina dirisha kubwa la vyuma linalotazama njia, na chini ya dirisha, kwa nje, ndipo ilipo baraza. Miaka yote ile tangu afe sikukitumia. Nilipokifagia, sufi iliyokuwa imejikusanya katika nyufa za boriti ikawa inaanguka kidogo kidogo, nyeupe, na Zuwena kitandani akiipuliza isimwingie puani, anasema, "Hata kafa bado ananimwagia taka." Nilimtandikia magodoro mawili, moja juu ya jingine, sufi nimeichambua upya kwa mikono yangu, kwani mtu wa kulala kutwa akilazwa kwenye sponji mgongo unachubuka. Sponji ndiyo iliyoiua kazi ya mume wetu, lakini hilo nalo liacheni.

Aliyekuwa akimjia ni muuguzi mmoja wa wale wanaozunguka majumbani, Nesi Anna. Wazee wake wa bara, mwenyewe kazaliwa Ng'ambo, Mkristo, na ukifumba macho ukamsikiliza utadhani mtoto wa Malindi. Ndiye aliyetuletea dawa ya maji katika chupa. Unaivuta kwa bomba la sindano lisilokuwa na sindano, unamtia mgonjwa mdomoni. Alipotaja kuwa ni mofini mimi nilishtuka. Mtaani kwetu tumeona vijana wazuri wakiliwa na unga mpaka wakauza milango ya mama zao.

"Nesi, hii si ndiyo ile?" nikamwuliza.

"Si ile, Bi Mize. Ile mtu anaitafuta apotee. Hii tunampa mtu aliyekwisha kupotezwa na maumivu, arudi."

Akanieleza kwamba siri ya dawa hii ni saa zake. Inataka inywewe kwa wakati, usiku na mchana, maumivu yasipate nafasi ya kuingia. Ukiingoja mpaka mtu alie, umechelewa. Akanieleza pia kwamba inafunga choo, akaniachia dawa ya choo, na mimi nikaongeza mapapai. Samahani kwa kulitaja hilo katika kitabu, lakini anayeuguza atanishukuru. Nusu ya mazungumzo yetu miezi ile, mimi na Zuwena, wake wenza wazima, yalikuwa ni choo.

Ndipo korona ikaja. Kwanza ilikuwa maneno ya redioni, kisha skuli zikafungwa, ndege zikakatwa, na yule kijana wa Maskati akabaki huko na tiketi yake. Wageni wakaondoka, mahoteli yakafunga, na njia za Mji Mkongwe zikawa nyeupe, unasikia paka akiruka. Nesi Anna akaja kavaa barakoa, akasimama njiani, hakuingia.

"Kuanzia leo nitasimama hapahapa nje, labda pawe na dharura. Na mtu mwengine asiingie chumbani, Bi Mize. Hata mmoja. Huyu akiupata ugonjwa, hatauweza."

"Na wanaokuja kumtazama mgonjwa?"

"Wamtazame kwa dirishani."

Jamani, kumzuia mtu wa Unguja asiingie kumjulia hali mgonjwa! Niliweka ndoo ya maji yenye bomba mlangoni na sabuni, nikasimama na barakoa yangu kama askari wa benki. Wengine walikasirika. Bi Saida, jirani yangu wa mlango wa pili, alinambia wazi, "Mize, unamficha mke mwenzio ili umfanye nini?" Kisha mwenyewe akajikalisha barazani, mgongo dirishani, akaanza kupayuka salamu kwenda ndani kama anaita mtu aliye kisimani. Siku ya pili wakawa watatu. Na mimi, kwa kuiogopa korona, nikamchemshia Zuwena majani ya mwarobaini na malimau na tangawizi, nikamfunika blangeti na sufuria linafuka, ajifukize. Kutoka chini ya blangeti ikaja sauti, "Mize, unataka kunitibu au unataka kuniunga?" Nikalifunua upesi. Tangu hapo nilijifukiza peke yangu.

Alikuwa anapata nafuu ya maumivu, wallahi. Dawa kwa saa zake, usingizi anaupata, anakaa kitako na kunisema. Halafu mwezi mtukufu ukakaribia.

Jioni mwezi ulipoandama nilimletea dawa yake. Akafunga mdomo. "Kesho nnafunga," akasema. "Dawa nitakunywa baada ya kufutari na wakati wa daku. Mchana usiniletee."

"Zuwena, wewe ni mgonjwa."

"Nnajua nlivyo. Na nnajua nnakokwenda, mie si mtoto. Hii ndo Ramadhani yangu ya mwisho. Tangu nivunje ungo sijaacha siku isipokuwa za ada ya wanawake, na hizo nimezilipa. Nitakwenda kwa Mola wangu nimefunga."

Nikairudisha chupa mahala pake. Siku ya kwanza, ilipofika adhuhuri, nilimwona anaanza kushika ukingo wa kitanda. Baada ya alasiri alikuwa ameuma pembe ya kanga, macho kayakaza juu kwenye boriti, jasho linamchuruzika mpaka masikioni, na hasemi. Alipofutari aliitapika tende, dawa nayo akaitapika. Siku ya pili ikawa vile vile na zaidi. Nilikuwa jikoni nnakuna nazi, nikasikia kelele. Haikuwa kubwa, alikuwa anaizuia kwa kanga, lakini niliijua. Ilikuwa ile ile. Mbuzi ya kukunia nazi nikaiacha, nikenda kusimama uani, na mikono ikapanda yenyewe masikioni. Kisha nikaishusha. Nikajifunga buibui, nikenda kwa Mwalimu Khadija.

Mwalimu Khadija alikuwa akisomesha wanawake Kurani chuoni nyuma ya mtaa wetu, mwanamke wa maneno machache, na mwezi ule chuo kakifunga kwa sababu ya korona. Alinisikiliza kwa mlangoni, yeye ndani mimi nje. Akasema, "Mgonjwa asiyetarajiwa kupona hana kufunga wala hana kulipa. Mwenyezi Mungu kamwondolea. Atoe kibaba cha mchele kwa kila siku, apewe masikini. Hiyo ndiyo fidia yake, na ni ibada kama swaumu ilivyo ibada. Mwambie mimi nimesema."

Nikarudi mbio, nafsi imefurahi, nikamwambia. Zuwena kalala kajikunja ubavu. "Mwalimu Khadija nnamjua," akasema kwa taabu. "Na hilo nnalijua tangu chuoni. Ni ruhusa. Ruhusa mtu akitaka ataichukua."

"Basi ichukue!"

"Nikupe kibaba cha mchele ukampe masikini, mie nikae nnakula mchana kama mtoto? Na mtu mwenyewe huyo masikini, hivi sasa, watu wamefukuzwa mahotelini, mkaa hana, nazi hana, utamtia mchele mkavu kwenye mfuko aule kama kuku?"

"Nitampikia."

Hapo akafungua macho yote mawili. "Nani atapika?"

"Mimi."

"Wewe." Akapumua. "Mize, wewe utapika mkate wa kumimina, umpe mtu, kwa jina langu?"

"Una nini mkate wangu?"

"Mkate wako marehemu alikuwa akiukata kwa msumeno wa godoro. Yeye mwenyewe alinambia. Mie nisimame mbele ya Mola wangu, niulizwe fidia yako iko wapi, nioneshwe mkate ule?"

Nataka msomaji anielewe. Mwanamke huyu alikuwa na maumivu ya kumtoa mtu roho, na bado katika maumivu hayo alipata pumzi ya kunitukania mkate. Zamani ningetoka chumbani nikabamiza mlango. Siku ile nikasimama pale pale, kwani nilikuwa nimekwisha kuona njia. Nikamwambia, "Sawa. Basi simamia mwenyewe. Mie ntapika, wewe utaniambia, na wewe ndo utaonja. Fidia yako, ulimi wako."

"Nitaonja vipi na nimefunga?"

"Huonji ukiwa umefunga. Mtu wa fidia hafungi, na mwenye kutapika tangu jana hana ulimi wa kujua chumvi. Kunywa dawa, utulie, kisha uonje. La si hivyo nnapika nnavyojua mimi, na nnamwambia mlaji huyu mkate ni wa Zuwena wa Chukwani."

Alinitazama. Nje Bi Saida alikuwa anamwuliza mtu bei ya ndizi mbichi. Nilikuwa nimeishika chupa mkono mmoja na lile bomba mkono wa pili, na nilijua neno jingine sina. Akasema, "Mwanamke mbaya wewe." Akafungua mdomo.

Mkate wenyewe siku hiyo haukupikwa, hapakuwa na wakati wa kuroweka mchele. Alipotulia tukapika muhogo wa nazi. Mimi jikoni, yeye chumbani, milango yote miwili wazi, anapiga kelele, lakini kelele nyengine sasa: "Tui la kwanza usilitie! Bado! Nnalisikia linachemka, mbona unalichemsha?" Nilimletea kijiko. Akakiweka mdomoni, akafumba macho, akakaa nacho muda mrefu kuliko muhogo unavyotaka. "Chumvi," akasema. "Na kindimu kidogo." Kisha machozi yakamtoka, hayo siyo ya maumivu, na mimi nikajitia nnatafuta ndimu.

Shabani nilimpata Darajani, akinibebea nazi. Aliniambia alikuwa mpishi Paje, hoteli imefungwa, kwao Tabora nauli hana, analala kwa mwenzake Ng'ambo katika chumba cha watu wanne. Kafunga, na futari yake ni maji na anachojaaliwa. Nikamwambia, "Njoo Kiponda saa ya magharibi, kuna fidia yako." Akaja, kanawa kwenye ndoo, kakaa barazani na barakoa yake mfukoni. Nikampa mchele wake wa kibaba, kwani Mwalimu Khadija alisisitiza kwamba hicho ndicho kinachohesabika na chakula kilichopikwa ni sadaka juu yake, na baada ya adhana nikampa sahani. Dirisha liko wazi, Zuwena yuko nyuma yake, kwa ndani, hawaonani. Bi Saida kwa siku ile alikuwa kwake anafutari. Shabani anakula kimya kimya. Mara akanyanyua kichwa.

"Bi, kuna mtu anakoroma?"

"Ndiyo. Mke mwenzangu."

"Maashallah," akasema Shabani. "Kalala kweli huyo."

Nikakaa na mimi pale barazani, mbali kidogo, nikamsikiliza anavyokoroma. Kulikuwa na giza jembamba la magharibi na harufu ya ubani kutoka nyumba ya pili. Wakati wa uhai wa marehemu, akirudi kutoka Chukwani anasinzia, nilikuwa nikimwuliza kwa ubaya, "Kwani huyo mwanamke wako halali?" Sasa nimemwona analala, na nilikuwa nnaona raha, raha ya ajabu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mwezi ule ulikwenda hivyo, na nikisema ulikuwa mwezi mzuri watu wataniona nimepungua akili, kwani mjini watu walikuwa wanazika na wengine wanalala na njaa. Lakini ndivyo ulivyokuwa. Asubuhi namkogesha, namgeuza, dawa kwa saa zake. Baada ya adhuhuri tunaamua tutapika nini. Alinifundisha mkate wa kumimina kama anayefundisha mtoto kusoma. Mchele uroweke, usage laini mpaka ukiushika baina ya vidole husikii chenga, tui zito, hamira kidogo, hiliki, halafu uache uumuke na usiuguse. "Wewe tabu yako, Mize, huwezi kuacha kitu. Unakichokonoa. Kiache!" Siku nilipoupika mara ya kwanza kwa njia yake, nilimpelekea Shabani, na Zuwena akamngoja atafune, kisha akaita kutoka ndani:

"Mpishi! Mkate vipi?"

Shabani akanitazama mimi, akatazama dirisha. "Bibi, nisiseme uongo na swaumu ndo kwanza nimeifungua. Umelala katikati, haukuumuka."

"Umemsikia, Mize? Umelala katikati! Mtu wa Tabora huyo anasema, si mie!"

Alicheka mpaka ikabidi nimshikilie mgongo. Bi Saida akaja na sahani ya tambi, akidai yeye ndiye anayemlisha Shabani vizuri, na wakabishana kwa dirishani mpaka isha. Ni yeye huyo Bi Saida ambaye mchana mmoja, alipochungulia akamwona Zuwena kalala kimya mdomo wazi, alitoa msahafu wake, akakaa barazani na kuanza kumsomea Yasini, ile tunayomsomea mtu anayekata roho, kwa sauti na machozi. Zuwena akaamka. Akamwacha asome mpaka aya imalizike, adabu hiyo alikuwa nayo, kisha akasema, "Bi Saida, Mungu akulipe. Lakini nisomee kesho. Leo nnangoja kuonja samaki."

Nesi Anna alikuwa akipita, anasimama njiani na mfuko wake, ananiuliza dawa, choo, ngozi ya mgongo. Siku moja akaniuliza, "Bi Mize, umemfanyaje? Mbona kanawiri?" Nikamwambia anafanya kazi. Akadhani natania.

Iddi ilipofika nilimvalisha kanga mpya na tukala pilau, yeye vijiko viwili. Shabani akaja kuaga, mtu kampa nauli, anakwenda kwao. Alisimama dirishani akasema, "Bibi, radhi yako." Zuwena akamjibu, "Nenda baba, na huko kwenu usiwapikie watu tui la kuchemka." Baada ya hapo akaanza kupungua. Nesi Anna akaongeza dawa, akaniambia kwa simu, bila kunizungusha, dalili nitakazoziona: atalala zaidi, hatataka chakula, pumzi zitakuwa zinaachana. "Usimlazimishe kula. Mloweshe midomo tu. Na zungumza naye, wanasikia mpaka mwisho." Basi nilizungumza. Nilimweleza kila kitu, bei ya muhogo, paka wa Bi Saida kazaa wapi, nani kaachwa. Mara mojamoja alikuwa akinijibu kwa nyusi.

Alikufa asubuhi, jua limeingia kwa dirishani limefika kwenye miguu yake. Sikusikia kelele. Pumzi ilikuja, ikakawia, ikaja, nami nnamsomea shahada sikioni, na mdomo wake ukawa unafuata mpaka ukaacha kufuata. Nilikaa nikingoja pumzi nyengine. Njiani kulipita baiskeli ya mtu wa mikate. Ndipo nikajua.

Kwa ajili ya korona msiba haukujaa. Wanawake wachache walikaa uani, kila mmoja mbali na mwenzake, Bi Saida analia kwa sauti ya watu kumi. Kijana wa Maskati tulimweka kwenye simu, akasikiliza. Mwalimu Khadija alikuja kukosha maiti, na mwanamke mmoja wa kumsaidia, wakafunga pazia, maji ya mkunazi yako tayari katika ndoo, karafuu maiti na pamba pembeni. Mwalimu akakunja mikono ya kanzu yake. Akatazama huku na huku, kwa sababu ni desturi yetu anayeanza kumwagia maji awe ndugu wa karibu kuliko wote aliyepo.

"Nani jamaa yake hapa?" akauliza. "Mama? Dada? Shangazi?"

Yule mwanamke msaidizi akasema kwa sauti ndogo kwamba marehemu hana mtu hapa, ndugu zake wote wako ng'ambo ya bahari, huyu Bi Mize ni mke mwenzake tu.

"Mimi," nikasema.

Mwalimu Khadija akanitazama. Anajua sheria kuliko mimi, na anajua kwamba mke mwenza si jamaa, harithi wala harithiwi. Nadhani alitaka kusema. Kisha akainama, akachota maji kwa kata, akanipa mimi.

"Anza upande wa kulia," akasema.

Nikaanza kulia. Niliyamwaga taratibu, kama unavyommwagia mtu ambaye hutaki kumwamsha.